Shufaa na Jumatano Isiyo na Kikao

Ilikuwa mwaka 2020, pale Igowole. Hapana, siyo 2020. Mwaka ule ndio wa ndoo za kunawia mikono kila mlangoni, watu wanasalimiana kwa viwiko, na vikao vilikuwa vichache kwa sababu ya kuogopana. Ingekuwa mwaka ule, habari hii isingekuwepo. Basi tuseme 2022, mwaka uliofuata ule ambao miche ilikufa.

Kitalu cha chama cha wakulima wa parachichi kipo ukishuka kidogo kutoka barabara inayotoka Nyololo. Ni vibanda vitatu virefu vya nguzo za miti ya mlingoti, vimeezekwa wavu mweusi, na ndani yake viriba vya miche vimepangwa mistari kama wanafunzi asubuhi. Msimamizi wake alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nane aitwaye Shufaa Alawi. Wenyeji walimwita Bibi Shamba, na wengine walidhani ndilo jina lake.

Shufaa ni mtu wa Mbeya mjini. Babu yake alipanda huku kutoka pwani na marobota ya kanga, akaonja baridi, akasema atarudi kwao mwezi ujao, na amezikwa Mbeya. Baba yake naye aliuza vitambaa Mwanjelwa mpaka macho yakamchoka. Katika ukoo wa watu wanaopima kwa yadi, huyu binti peke yake alitaka kushika udongo. Akasomea kilimo, akafanya kazi huku na kule, mwishowe akafika Igowole na begi moja na koti la kiume la marehemu baba yake. Koti hilo alilivaa juu ya mtandio, na juu ya mtandio alivaa kofia ya sufu. Mwezi wa saba kule ukungu hauondoki mpaka saa nne, na mwenye aibu ya mavazi hufa kwa kifua.

Hakuwa msemaji. Ukimsalimia "Kamwene, Bibi Shamba," atakuitikia vizuri, atauliza watoto, halafu utaona macho yake yameshahamia kwenye mche ulio nyuma yako. Lakini kisu chake, nisiseme uongo, kilikuwa na sifa mpaka Mafinga. Alikinoa mwenyewe kila asubuhi kwenye jiwe la mtoni, akakijaribu kwenye jani, na jani likikatika bila kutikisika ndipo akaanza kazi.

Kazi yenyewe ni kubebesha. Kwa asiyejua, ni hivi. Unaotesha mbegu ya parachichi la kienyeji, lile gumu lisiloogopa udongo wetu. Mche ukifika unene wa penseli, unaukata kichwa na kuupasua katikati. Kisha unachukua kikonyo, yaani kijiti kibichi chenye macho, kutoka kwenye mti mzuri unaozaa matunda ya sokoni. Unakichonga kama kabari, unakichomeka kwenye ule mpasuko, unafunga kwa utepe wa nailoni. Vikishikana, umepata mti wenye miguu ya kienyeji na kichwa cha kisasa. Visiposhikana, una vijiti viwili vilivyokufa.

Sasa mwaka uliotangulia walibebesha miche elfu tisa, na iliyopona haikufika elfu tatu.

Wanachama walikuja kuangalia ule msiba. Mmoja akasema ni baridi. Mwingine akasema utepe ni feki. Wapo waliomtaja jirani kwa sauti ya chini. Mwisho mkutano mkuu ukaamua: kitalu kipewe msimu mmoja tu. Kikiua tena, kifungwe, vibanda vibomolewe, nguzo zigawanywe, na wafanyakazi wote kumi na mmoja warudi makwao. Shufaa aliyasikia hayo akiwa amekaa mstari wa nyuma, mikono ndani ya koti. Baadaye alitembea peke yake kati ya miche iliyokauka, akiinama na kuinuka, mpaka jua likapungua.

Hapo ndipo alipoona kitu. Yeye alikuwa na tabia ya kuchomeka kijiti chenye tarehe kila mwanzo wa mstari, na watu walimcheka kwamba anaizika miche kwa misalaba. Katika kibanda cha pili, katikati ya vifo, kulikuwa na mistari minne imesimama kijani kibichi, karibu yote mizima. Vijiti vyake vilikuwa na tarehe zinazofuatana. Siku nne.

Alimwita Esta, karani wa chama, dada mmoja Mlutheri mwenye mwandiko mzuri kama wa kadi ya harusi.

"Esta, mdogo wangu, siku hizi nne tulifanya nini ambacho hatukufanya siku nyingine?"

Esta akafungua daftari la mihtasari. Akageuza kurasa, akarudi nyuma, akageuza tena.

"Hakuna kitu, dada."

"Angalia vizuri."

"Ndiyo nakwambia, hakuna kitu. Hakuna muhtasari hata mmoja. Mwenyekiti alikuwa amekwenda kuzika Nyololo."

Wakatazamana.

Hapa inabidi nimweleze huyo mwenyekiti, kwa maana bila yeye mambo hayaeleweki. Mzee Ambrosi alikuwa mtu mwema, Mkatoliki wa kweli, mrefu, mwenye fimbo asiyoihitaji. Zamani wakulima wa pale walikuwa hawakai pamoja. Wa bondeni hawakuwasalimia wa mlimani, na mtu alikuwa tayari kuacha matunda yaoze kuliko kuyapakia kwenye gari moja na ya mwenzake. Ni Ambrosi aliyewakalisha. Aliwaita, wakaja watatu. Akawaita tena, wakaja saba. Akawaita miaka miwili mfululizo mpaka chama kikazaliwa. Kwa hiyo yeye kikao alikiamini kama mwingine anavyoamini dawa iliyomponya mwanawe. Jumatatu kulikuwa na kikao cha kuanza wiki, Jumanne kamati ya miche, Jumatano kamati ya maji, Alhamisi utendaji, na Ijumaa kikao cha kuangalia wiki ilivyokwenda.

Kwenye tawi la mpera pale uani ilining'inia rimu ya lori. Mwenyekiti akiigonga, unainuka ulipo. Ndiyo heshima ya pale. Hakuna anayemfanya mzee asimame akingoja. Na kikao hakianzi hivihivi. Kuna sala ya Kikristo, kuna dua ya Kiislamu, na kwa kuwa Mwislamu alikuwa Shufaa peke yake, dua ilikuwa zamu yake kila siku. Kuna utambulisho, mtu mmoja mmoja anasimama kutaja jina na cheo, ingawa wote wamelala kijiji kimoja. Fundi mmoja, Didas, alipiga hesabu kwamba amejitambulisha kwa watu walewale zaidi ya mara mia mbili, na bado mzee mmoja wa kamati ya maji humwita Edmund. Kuna yatokanayo. Kuna mengineyo, na mengineyo ya Igowole ni marefu kuliko ajenda yenyewe.

Huku kibandani, wakati huo wote, mche uliopasuliwa unangoja. Kikonyo kilichochongwa kinangoja. Nanyi mnalijua parachichi lililokatwa likaachwa mezani, linavyobadilika rangi kabla hujamaliza kutafuta chumvi. Kidonda cha mti wake ni hivyohivyo. Watu walirudi kutoka kikaoni, wakaendelea pale walipoachia, wakafunga vizuri, wakamwagilia vizuri. Walikuwa wanafunga maiti. Na miche ilipoanza kukauka, waliitisha vikao zaidi kujadili kwa nini inakauka.

Shufaa alikwenda nyumbani kwa Mzee Ambrosi siku ya Jumapili, baada ya misa. Alikuta wamekula, akawekewa chai.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Bibi Shamba. Kuna tatizo?"

"Nimekuja kuomba Jumatano."

"Likizo?"

"Hapana. Naomba Jumatano isiwe na kikao. Chochote. Kuanzia asubuhi mpaka jioni."

Mzee akaliweka bakuli la chai chini. "Siku nzima bila kukaa. Na tatizo likitokea?"

"Litasubiri Alhamisi."

"Tatizo halisubiri, mwanangu."

"Mche ndio hausubiri, Mwenyekiti."

Hakumwambia kwamba vikao vyake ndivyo vilivyoua miche. Angeweza, ushahidi alikuwa nao kwenye daftari la Esta. Lakini mtu aliyewakalisha wagomvi miaka kumi na tisa huwezi kumwambia hivyo mbele ya mke wake na chai yake. Aliomba siku moja tu katika tano. Na mzee hakuwa mjinga.

"Nitakupa," akasema. "Ila ikifa tena, siku ya mkutano mkuu utasimama mwenyewe useme ni wewe uliyeomba. Sitakusemea."

"Nitasimama."

Busara yake ilikuwa hapa, na mimi sijaona nyingine kama hii. Mtu mwingine angepigana na vikao vyote vitano. Yeye aliviacha. Akazikusanya kazi zote ambazo ukiziacha katikati hazidhuriki, kujaza viriba, kupalilia, kumwagilia, kubeba mboji, akazipeleka kwenye siku za vikao. Rimu ikigongwa, mtu anaacha koleo, anakwenda, anarudi, koleo lipo. Kisha kazi ya kisu, yote, akaiweka Jumatano. Jumanne jioni visu vinanolewa na kuoshwa. Jumatano alfajiri vikonyo vinakatwa kwenye miti mama nyuma ya kitalu, vinafungwa kwenye gunia bichi, na saa moja na nusu mafundi saba wameshakaa kwenye vigoda, wengine wanne wanawasogezea miche.

Esta akapewa kikapu cha kukusanyia simu na daftari jipya. Yeyote atakayefika na swali, aandikwe, ajibiwe Alhamisi.

Jumatano ya kwanza ilikuwa ngeni. Kibanda kilikuwa kimya, visu tu vinasikika. Didas alivumilia kama nusu saa.

"Bibi Shamba, mbona kama tuko msibani? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Sasa tunaruhusiwa kuongea au na mdomo umewekwa kwenye kikapu?"

"Mdomo hauna kazi hapa," Shufaa akasema bila kuinua kichwa. "Utumieni mnavyotaka. Mimi nataka mikono tu."

Basi, walicheka, na tangu hapo Jumatano ikawa na masimulizi yake. Didas aliongea juu ya harusi ya shemeji yake kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana na hakukosea mche hata mmoja. Jioni wakahesabu, wakakuta wamebebesha elfu moja na mia nne. Zamani ile ilikuwa kazi ya wiki na zaidi. Didas akasema hesabu imekosewa, akarudia mwenyewe, akapata ileile, akakaa chini kwenye kiroba cha mboji akijiangalia viganja.

Lile daftari la Esta nalo lilikuwa na vituko. Siku ile ya kwanza liliandikwa maswali kumi na mawili. Ilipofika Alhamisi, saba yalikuwa yamekwisha yenyewe. Mtu alikuwa ameuliza ufunguo wa stoo uko wapi, akaukuta mfukoni. Mwingine alitaka kamati ikae kuhusu mbuzi aliyeingia kitaluni, na mbuzi alikuwa ameshauzwa.

Hivyo zikaenda Jumatano nne. Ya tano ndiyo ikaja na mtihani.

Lilikuwa gari la wageni kutoka Madibira, wakulima wa mpunga waliokuwa wamenunua mashamba ya juu huku baridini na kutaka miche mingi. Mzee Ambrosi aliwapokea barabarani, akashuka nao akiwa na koti lake la mikutano na kitabu cha wageni kwapani. Kwa furaha ile, siku ya wiki ilimtoka kichwani, au hakutaka kuikumbuka. Akaenda moja kwa moja kwenye mpera akaigonga rimu.

Kibandani mikono saba ikasita. Miche saba iko wazi. Wote wakamtazama Shufaa. Didas alikuwa ameshanyanyua nusu ya makalio kutoka kwenye kigoda, maana mwili wenyewe umezoea, rimu ikilia unainuka.

Shufaa alijua anachokishika. Akiwaita, Jumatano imekufa, na wiki ijayo atakuja mgeni mwingine, na mwingine. Asipowaita, anamvua nguo mzee mbele ya wageni, na mzee huyo ndiye atakayesimamia mkutano wa kufunga kitalu.  Akamalizia kuchomeka kikonyo alichokuwa nacho, akafunga utepe, akakata.

"Endeleeni," akasema. "Didas, kaa."

Akatoka peke yake.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Karibuni sana wageni."

"Waite watu, Bibi Shamba. Wageni wamekuja."

"Miche iko wazi, Mwenyekiti. Nikiwaita sasa, walichofuata wageni kitakufa wakati tunajitambulisha."

 Mkono wa mzee ulikuwa bado umeshika chuma cha kugongea. Mmoja wa wageni akaangalia viatu vyake. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene mchangamfu, Nasrin jina lake, mikono yake migumu ya jembe, akauliza, "Iko wazi namna gani, mwanangu?"

Shufaa akarudi ndani, akatoka na kikonyo alichokichonga pale pale, cheupe kama jino upande wa kabari.

"Shika, mama. Usikifanye kitu."

Mzee Ambrosi, kwa kuwa lazima kitu kisemwe, akaanza kuwakaribisha. Akaeleza chama kilivyozaliwa, wa bondeni na wa mlimani. Aliongea vizuri. Alipomaliza, Mama Nasrin alikuwa hamtazami. Alikuwa anatazama kijiti mkononi mwake. Upande ule mweupe ulikuwa umeshapata rangi ya chai.

"Haya ni maji," akasema kwa wenzake. "Si mnaona? Kwetu Madibira zamu yako ya maji ikifika, hata mkwe awe ndiyo kwanza anavua viatu mlangoni, unachukua jembe unakwenda mferejini. Ukirudi utamsalimia. Usipokwenda, maji yamepita kwa jirani." Akamgeukia mzee. "Mwenyekiti, sisi tutaingia hukohuko walipo. Tupeni ndoo tukalie."

Wakaingia, wakakalia ndoo zilizopinduliwa katikati ya mistari. Didas, bila kuacha kisu na bila kuinua macho, akajitambulisha kwa niaba ya wote, jina, cheo, kijiji alichozaliwa na harusi ya shemeji yake, na Mama Nasrin akacheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya kanga. Waliondoka jioni wakiwa wameagiza miche elfu nne, iwapo itapona.

Lakini Mzee Ambrosi hakuingia kibandani. Alibaki chini ya mpera na kitabu chake cha wageni.

Wiki zilizofuata alimsalimia Shufaa kwa kichwa tu. Vikao vya Alhamisi vikawa virefu, na katika mengineyo akazungumzia sana heshima, hakutaja jina. Shufaa alikaa, akaomba dua yake zamu ilipofika, akasikiliza. Watu walimwambia akamwombe radhi. Akajibu kwamba ameshakwenda mara mbili, na mzee ameipokea mara zote mbili, na bado. Usingizi ulimpungua. Kila asubuhi alipita mistari akifungua kwa vidole vifuko vya plastiki vilivyofunika vikonyo, akitafuta jicho lililovimba, na alipolipata hakumwambia mtu, kama anaogopa kulishtua.

Jumatano ya rimu haikurudi tena. Hilo nalo lisemwe: mzee alinuna, lakini chuma cha kugongea hakukigusa Jumatano yoyote mpaka msimu ukaisha.

Mwezi wa kumi na moja wanachama wakaja kuhesabu. Hawakumwamini Shufaa wala Esta, walihesabu wenyewe, wa bondeni wakianzia huku na wa mlimani wakianzia kule, wakutane katikati. Miche iliyobebeshwa ilikuwa elfu kumi na mbili na mia tatu. Iliyosimama hai ilikuwa elfu kumi na moja kasoro kidogo. Bibi mmoja alitembea mstari mzima akiigusa miche kichwani, mmoja mmoja, kama anabariki watoto.

Mkutano mkuu ukakaa uwanjani, kwa kuwa ofisi haikuwatosha. Shufaa alikuwa amevaa lile koti. Alisimama kabla hajaitwa, maana aliahidi, akasema kwa ufupi kwamba Jumatano aliiomba yeye, na miche waliyoiona ni kazi ya mikono ya wenzake kumi, na akawataja wote kwa majina, Didas akiwa wa mwisho ili asidakie maneno. Akakaa. Hakusema neno juu ya mwaka wa nyuma. Hakusema neno juu ya Nyololo na zile siku nne. Esta alikuwa na daftari mapajani, limefungwa.

Wakapiga kura ya mikono. Kitalu kibaki, na kila mmoja kazini kwake. Jumatano nayo ikaandikwa kwenye kanuni za chama, na mpaka leo ukifika Igowole siku hiyo na shida yako, utapewa ndoo ukalie, na utaongeleshwa na watu wasiokutazama.

Ndipo Mzee Ambrosi akainuka kufunga mkutano. Watu walidhani atashukuru kama kawaida. Akasimama, fimbo mbele, macho yake si kwa Shufaa wala kwa mtu yeyote, yako kwenye vile vibanda. Inaonekana alikuwa ameshapiga hesabu mwenyewe, kimya kimya, bila daftari la mtu. Aliuliza swali kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua kweli. 

"Nimekuwa mwenyekiti wenu miaka kumi na tisa. Kama Jumatano moja inaweza kufanya haya, mimi siku zile nyingine nilikuwa nawafanyia nini?"